Choo Cheupe Hakisubiri Arobaini

Bibi aliingia ameshika kifurushi kidogo, kipande cha kanga kuukuu kilichopigwa mafundo mawili. Alingoja mlango ufungwe, akamtizama mkwewe aliyempakata mtoto, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Dokta, niwie radhi, nimekuletea kitu cha aibu." Fundo lilipofunguka likatoka winda la mtoto. Choo kilichokuwemo kilikuwa na rangi ya chokaa kongwe ya kuta za Mji Mkongwe, cheupe chenye kijivu kidogo, bila hata chembe ya umanjano. Mtoto mwenyewe alikuwa amenona, ananyonya vizuri, wanja umepakwa juu ya nyusi zake. Lakini weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano. Siku hiyo alikuwa ametimiza siku 45. Nilimwambia bibi yule kwamba katika watu wote waliopita chumbani mwangu mwezi ule, hakuna aliyeniletea kitu chenye maana kuliko kifurushi chake.

Leo nazungumzia rangi ya choo, na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Rangi nyingi zinazotutia hofu hazina neno: ni chakula, ni dawa, ni haraka ya utumbo. Lakini ziko rangi tatu ambazo mtu hapaswi kuzilalia: nyeupe kama chokaa, nyeusi kama lami, na nyekundu ya damu. Kila moja inatoka pahala pake mwilini na ina sababu zake. Na kwa mtoto mchanga, rangi nyeupe ina tarehe yake ya mwisho, ambayo ikishapita hairudi. Nasema pia kwamba hapa Unguja tunachelewa kuliko inavyotulazimu, kwa sababu choo ni kitu ambacho anayekiona hakisemi, na sisi tunaopaswa kukiuliza hatukiulizi.

Kwanza tujue rangi yenyewe inatoka wapi. Wengi hudhani choo ni cha kahawia kwa sababu ya chakula kilichosagika. Sivyo. Mtu aliyekula wali mtupu siku tatu mfululizo hapati choo cheupe. Ile kahawia ni damu iliyozeeka. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, kisha huvunjwa. Chuma chake huwekwa akiba, na mabaki yake hugeuka kuwa kitu cha manjano kiitwacho bilirubini. Ini huichukua bilirubini hiyo, huifanya iweze kuyeyuka katika maji, huichanganya ndani ya nyongo, na nyongo huteremka kwa mrija mwembamba mpaka mwanzoni mwa utumbo. Humo utumboni bakteria wanaoishi nasi huigeuza taratibu mpaka ikawa kahawia. Basi choo cha kahawia kinakushuhudia kwamba ini linafanya kazi, mrija uko wazi, na chakula kinapita kwa mwendo wake. Utumbo ukikimbia, kama mtu anapoharisha, nyongo hutoka kabla haijageuzwa, na choo huwa kijani. Mrija ukiziba, nyongo haifiki kabisa na choo hupauka. Na bilirubini iliyokosa njia haikai bure: inarudi kwenye damu, inapaka macho na ngozi manjano, halafu figo zinaitoa, mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea majani. Kwa hiyo choo cheupe na mkojo mweusi vikitokea pamoja, usitafute sababu kwenye chakula. Hapo njia ya nyongo ina shida, au ini lenyewe.

Nirudi kwa mtoto. Katika siku mbili tatu za mwanzo mtoto hutoa choo cheusi chenye kunata, na hicho ni cha kawaida, ni cha tumboni mwa mama. Baada ya hapo, anayenyonya hutoa choo cha manjano kama haradali, mara nyingine kijani, mara nyingine chenye punje. Vyote hivyo ni salama. Umanjano wa macho na ngozi nao huwapata watoto wengi wachanga katika wiki ya kwanza, kwa sababu ini bado halijazoea kazi, na kwa aliyezaliwa miezi yake imetimia huondoka wenyewe ndani ya wiki mbili. Hapa ndipo linapoingia kosa letu kubwa. Mtoto akiwa wa manjano, Zanzibar nzima inajua dawa: mtoe uani asubuhi, mvue nguo, apigwe na jua. Jua hilo hata kwa umanjano wa kawaida ni msaada mdogo usio na kipimo, na ule mkali wa siku za mwanzo unahitaji taa maalumu za hospitali. Kwa mrija ulioziba, jua halifanyi lolote. Mwanga hauzibui mrija. Lakini familia inaona imeshatibu, inangoja, na wiki zinapita.

Ugonjwa ninaouogopa unaitwa kitaalamu biliari atresia. Kwa maneno mepesi, mirija ya nyongo ya mtoto inakauka na kuziba katika wiki za mwanzo za uhai wake, nyongo inabaki ndani ya ini na kuliunguza. Nchi nyingi hupata mtoto mmoja katika kila 10,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na Asia ya Mashariki ni zaidi ya hapo. Asipotibiwa, wengi hawafikishi miaka miwili. Tiba ilibuniwa Japani katika miaka ya 1950 na daktari mpasuaji Morio Kasai: mirija iliyokufa inaondolewa, na kipande cha utumbo wa mtoto mwenyewe kinaunganishwa moja kwa moja na ini ili nyongo ipate pa kupita. Upasuaji huo una sharti moja gumu. Ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60, nafasi ya nyongo kuanza kutiririka ni kubwa. Kila wiki inayoongezeka baada ya hapo inaipunguza nafasi hiyo, kwa sababu ini linazidi kuwa kovu. Nafasi hiyo ikishapotea, kinachobaki ni kupandikizwa ini, jambo ambalo kwa familia nyingi za Tanzania maana yake ni safari ya India na fedha ambazo hazipo.

Sasa hesabu nami, kwa desturi zetu wenyewe. Mzazi wa Unguja hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa, hupikiwa uji wa pilipili manga, na mtoto hulelewa na bibi au somo. Winda huvuliwa na kufuliwa na mikono ya mtu mzima anayeijua kazi. Sisemi arobaini ni mbaya. Mama aliyepumzika na kutunzwa hupona vizuri. Lakini arobaini ikitoka, kwa mtoto mwenye ugonjwa huu zimebaki siku 20 tu. Ndani ya siku hizo 20 anatakiwa aonwe na daktari, apimwe bilirubini ya aina zote mbili, ile ambayo ini limeshaifanyia kazi na ile ambayo bado, afanyiwe ultrasaundi, apelekwe kwa wapasuaji wa watoto Muhimbili, Dar es Salaam, na apangiwe siku ya kupasuliwa. Nani atayaweza hayo yote kwa siku 20, akiwa anaanza na kungoja jua lifanye kazi? Ndiyo maana nasema choo cheupe hakisubiri arobaini. Mtoto wa wiki mbili ambaye bado ana manjano, au mtoto wa umri wowote mwenye choo cheupe, hutoka siku hiyohiyo, na mzazi aliyemo ndani hutoka naye.

Ipo na alama nyingine ambayo bibi anayefua anaweza kuigundua kabla ya daktari yeyote. Mkojo wa mtoto mchanga anayenyonya hauna rangi. Winda likikauka halibakishi doa. Mkojo ukiacha doa la manjano linalong'ang'ania, hiyo ni bilirubini iliyokosa njia. Na kama mtoto huyo ana alama za kuvilia damu bila kugongwa, au kitovu kinavuja damu, hali ni ya dharura. Bila nyongo mwili haufyonzi vitamini K, na bila vitamini K damu haigandi. Mtoto anaweza kuvuja damu kwenye ubongo. Nimemwona mmoja aliyeletwa na miezi mitatu akiwa katika hali hiyo. Mama yake alikuwa amemtoa juani kila asubuhi bila kukosa hata siku moja.

Taiwan walilikabili jambo hili kwa karatasi. Tangu mwaka 2004 kila mtoto anayezaliwa huko hupewa kitabu cha afya chenye picha za rangi za choo, zipo za kawaida na zipo za hatari, na mama anaambiwa alinganishe nyumbani. Watoto waliowahi kupasuliwa kabla ya siku 60 waliongezeka. Japani nao wakaiingiza kadi ya namna hiyo katika kitabu cha mama na mtoto cha nchi nzima mwaka 2012. Sisi tunayo kadi ya kliniki, ambayo mama wa Nungwi na mama wa Makunduchi wote wanaitunza kwa sababu bila hiyo mtoto hapati chanjo. Tunao wahudumu wa afya wa jamii wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaoingia majumbani na simu mkononi. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja wa rangi na swali moja katika simu ile: choo cha mtoto kikoje leo?

Nimeshaambiwa kuwa ugonjwa wenyewe ni adimu, na kwamba visiwa vyenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022 vitapata watoto wachache tu kwa mwaka. Ni kweli. Lakini ukurasa huo haukamati ugonjwa mmoja. Unamkamata pia mtoto mwenye uvimbe wa mrija wa nyongo, mwenye homa ya ini, mwenye maambukizi ya mkojo yaliyosambaa hadi kwenye damu. Na gharama yake ni wino. Sharti langu ni moja: zichapwe rangi za kweli, na mama aambiwe azilinganishe mchana mwangani, kwa sababu chini ya taa ya njano ya chumbani choo cheupe huonekana cha manjano.

Kwa mtu mzima, choo cheupe kina orodha nyingine: kijiwe kilichoteremka kutoka mfuko wa nyongo na kukwama, homa ya ini, au uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, mahali mrija wa nyongo unapopita. Kijiwe huwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia. Saratani ya kongosho mara nyingi haina maumivu mwanzoni, na hapo ndipo inapodanganya. Mzee anakuwa wa manjano, anajikuna usiku, choo kimepauka, lakini haumwi, basi anaanza na dawa za safura. Neno hili safura limetoka katika Kiarabu, ni ile nyongo ya manjano ya utabibu wa kale, mmoja kati ya maji manne ya mwili pamoja na damu, balghamu na sauda. Katika Kiswahili cha pwani limekwenda likatua kwenye ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu, ambao humfanya mtu apauke. Leo mtu akisema ana safura, anaweza kuwa anazungumzia ini, anaweza kuwa anazungumzia minyoo, na mwenye duka la dawa za asili humpa mzizi uleule kwa yote mawili. Nauheshimu utabibu uliotulea. Lakini mrija uliozibwa na kijiwe haufunguliwi na subili, na mwezi mmoja wa kunywa machungu ni mwezi ambao uvimbe umekua.

Nyeusi ndiyo rangi inayochanganya watu zaidi, kwa sababu nyeusi ziko mbili na hazifanani hata kidogo kwa anayezijua. Moja ni nyeusi isiyo na neno. Mjamzito akianza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, choo chake hugeuka cheusi au kijani cha giza siku chache tu baadaye, kwa sababu ya chuma ambacho mwili haukukifyonza. Aliyekula ngisi aliyepikwa na wino wake naye huona hivyohivyo. Choo hicho ni kikavu au cha kawaida, kina umbo lake, harufu yake ni ileile ya siku zote. Nasisitiza hili kwa sababu wako wanawake wanaoviacha vidonge kwa hofu ya rangi hiyo, na upungufu wa damu wakati wa kujifungua unaua. Mama, choo cheusi cha vidonge ni dalili kwamba unavinywa. Endelea.

Nyeusi ya pili ni lami. Inang'aa, inanata, ukimwaga maji haiondoki kwa mara moja, na ina harufu nzito ambayo muuguzi aliyewahi kuinusa wodini huitambua tangu mlangoni. Hiyo ni damu iliyovuja tumboni au mwanzoni mwa utumbo, ikapikwa na asidi na kuchakazwa na bakteria njiani. Mililita 50 hadi 100 zinatosha kukifanya choo kiwe hivyo, yaani kikombe kimoja au viwili vya kahawa ya barazani. Kinachobabaisha ni kwamba mtu huwa haoni damu. Anaona weusi, anahisi kizunguzungu akisimama, moyo unamwenda mbio, anasema ni uchovu.

Chanzo kikubwa ni vidonda vya tumbo, na hapa sina budi kuvunja imani iliyokita mizizi. Vidonda vya tumbo haviletwi na pilipili ya urojo wala na mawazo. Vinaletwa hasa na vitu viwili. Cha kwanza ni bakteria aitwaye Helikobakta pilori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimgundua na kwa kazi hiyo wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005; anatibika kwa antibiotiki zilizopangwa na daktari. Cha pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, brufeni, aspirini. Ukuta wa tumbo unalindwa na utando wa ute, na dawa hizi zinazima kemikali inayoutengeneza ute huo. Zinazima maumivu na kinga kwa pamoja. Wafikirie wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani, wanaokaa na migongo iliyopinda majini kwa saa nyingi, msimu baada ya msimu. Mgongo unauma kweli, na diklofenaki dukani ni rahisi kuliko nauli ya kwenda mjini. Mmoja anameza viwili asubuhi kabla hajala, viwili jioni, mwezi wa pili, mwezi wa tatu. Siku choo kinapogeuka lami, anakwenda kununua dawa ya minyoo.

Wapo na wanaokunywa mchanganyiko wa kusafisha tumbo, kisha wakitoa choo cheusi huambiwa, "Alhamdulillahi, sumu inatoka." Msomaji wangu, hakuna sumu nyeusi inayokaa tumboni ikingoja kusafishwa. Ikiwa ni cheusi na kinanata, kinachotoka ni damu yako. Acha dawa ya maumivu siku hiyohiyo, usinywe mchanganyiko wa pili, na usilale nayo mpaka kesho. Nenda hospitali, na vidonge vyote ulivyokuwa ukimeza vichukue mkononi uvioneshe.

Kabla sijaiacha lami, neno fupi kwa waliowahi kuishi Mwanza, Ukerewe au kandokando ya Ziwa Victoria. Kichocho tulichonacho Unguja ni kile cha mkojo. Damu yake huonekana kwenye mkojo. Cha ziwani ni kichocho cha tumbo, ambacho baada ya miaka huliharibu ini na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula, na mishipa hiyo ikipasuka mtu hutapika damu na kutoa choo cha lami. Daktari wa hapa hatakufikiria hivyo usipomwambia kuwa ulikuwa mvuvi kule.

Nyekundu, kabla hujapiga ukelele, tizama ulimi wa mtoto. Ubuyu wetu wa Unguja, ule unaouzwa Darajani kwenye vifuko, umepikwa na sukari na rangi nyekundu iliyokolea, na rangi hiyo mtoto akiila nyingi inaweza kutokea upande wa pili kama ilivyoingia. Ulimi mwekundu, vidole vyekundu, choo chekundu, mtoto anacheza hana homa: ngoja siku mbili bila ubuyu. Viazi vyekundu vya saladi, bitiruti, hufanya hivyohivyo hata kwa watu wazima, na hugusa na mkojo. Damu haina tabia hiyo. Huwa kwa matone, kwa michirizi, au imechanganyika na ute.

Kwa watu wazima wetu, damu yoyote ya choo ina jina moja: bawasiri. Na mara nyingi ni kweli. Bawasiri hutoa damu mbichi inayodondoka baada ya choo, bila kuchanganyika nacho, na wengi huipata siku za choo kigumu, kama katika Ramadhani wanapokunywa maji kidogo. Lakini hakuna mtu, hata daktari, anayeweza kuapa kuwa ni bawasiri bila ya kutizama. Saratani ya utumbo mpana na ya puru inavuja damu vilevile. Damu ikiwa imechanganyika na choo, tabia ya choo ikiwa imebadilika kwa wiki kadhaa, leo kigumu kesho chepesi, choo kimekuwa chembamba, nguo zinapwaya, au mtu ana miaka zaidi ya 40 na ni mara yake ya kwanza, achunguzwe. Daktari ataingiza kidole chenye glovu, jambo la dakika moja. Najua aibu yake. Nimewaona wanaume waliovumilia mwaka mzima wa damu kwa kuikwepa dakika hiyo, wakaja uvimbe umeshakuwa mkubwa.

Kwa mtoto anayehara damu na homa, msikimbilie metronidazoli. Dawa hiyo inamuua ameba, lakini haimuui bakteria aitwaye Shigela, ambaye ndiye anayeshukiwa kwanza katika kuhara damu kwa watoto. Na mtoto wa miezi kadhaa anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu, akatapika, kisha akatoa rojorojo jekundu la ute na damu, utumbo wake huenda umeingia ndani ya utumbo. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo.

Kijani na manjano nitazipita haraka. Mchicha, kisamvu na matembele hutoa kijani. Kuharisha kokote hutoa kijani. Na bibi anayesema choo cha kijani cha mtoto ni chango ananiogofya tu pale anapompa mtoto dawa ya kunywa badala ya ziwa. Manjano yenye mafuta, inayoelea, yenye uvundo na isiyokoma kwa wiki nyingi, ipimwe maabara: yaweza kuwa kijidudu kiitwacho giadia, yaweza kuwa mafuta hayasagiki.

Kuna moja ambayo haina rangi kabisa, na Unguja tunaijua vibaya. Choo cha kipindupindu ni maji yaliyooshewa mchele. Kinakosa rangi kwa sababu sumu ya bakteria inaufanya utumbo umwage maji kwa wingi, hata lita moja kwa saa katika hali mbaya, na nyongo yote inasombwa. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akitibu hapa mjini wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi haya, kikachapwa mwaka 1876. Miaka mia na zaidi baadaye, mwaka 2009, karibu watu 24,000 wa Unguja na Pemba walikunywa dozi mbili za chanjo, na ikaonekana kuwakinga vizuri. Hata hivyo mlipuko wa 2015 na 2016 ulitukuta tena. Atakayeona choo cha namna hiyo aanze kumnywesha mgonjwa maji ya ORS palepale, na njiani kwenda kituoni aendelee. Kama hakuna pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu.

Yote haya hayana faida kama mtu haangalii. Na kuangalia si rahisi kama tunavyodhani. Anayetumia choo cha shimo shamba, usiku, hajapata kuona choo chake tangu azaliwe. Anayejisafisha kwa maji na kopo, kama tulivyofundishwa, huiosha damu kidogo kabla hajaiona, ambapo mwenye kutumia karatasi angeiona. Sisemi tuache maji. Nasema mara moja kwa wiki chukua tochi, au tizama maji ya mwanzo yanayotoka mkononi. Mwenye mzee anayeuguzwa kitandani amtizamie.

Na upande wetu tuna kosa. Muuguzi huuliza, "Choo vipi?" na mgonjwa, mbele ya mkwewe na watu wanne wanaongoja benchini, hujibu, "Kizuri tu." Swali hilo halina jibu jingine. Wenzangu, tufungeni mlango kwanza, halafu tuulize kwa mfano: kama chokaa, kama lami, kama ubuyu, kama maji ya mchele, au kama kahawa ya siku zote? Mtu anayeona haya kusema choo chake haoni haya kuchagua neno.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya Zanzibar ni ule ukurasa mmoja katika kadi ya kliniki. Kwa bibi na somo anayelea mzazi ndani sasa hivi, Mwembetanga au Mkokotoni, ombi ni dogo zaidi. Kesho asubuhi, kabla hujalitia winda majini, lipeleke mwangani. Ukiona chokaa, lifunge vilevile, mchukue mtoto, na usimwombe mtu radhi kwa ulichokibeba.